Jibu: Medical ya viza ya Marekani naweza kupima Mwanza?

Mkuu, umeuliza kama medical ya viza ya kuhamia Marekani unaweza kupima hapa hapa Mwanza. Hapana, hata hospitali ya Bugando na ukubwa wake wote haihusiki, mpaka kwa daktari aliyeteuliwa na ubalozi huko Dar, kwa hiyo jipange na basi la Dar pale stendi ya Nyegezi.

Ila kabla hujapanda tafuta kadi za chanjo, za watoto hasa. Mimi ya mwanangu niliikuta chini ya godoro, wino umefifia, tarehe ya surua haisomeki kabisa, na chanjo isiyo na tarehe hawaihesabu, ikabidi achomwe upya na hela ikanitoka hivi hivi.

Kuanzia miaka 15 unapigwa eksirei ya kifua, watoto wa miaka 2 mpaka 14 wanatolewa damu kuangalia TB. Wakiona kivuli kwenye eksirei utatoa makohozi siku tatu halafu yanaoteshwa maabara kuona kama vijidudu vya TB vitakua, hapo ni kama wiki 8, so tiketi ya ndege usikate mapema. HIV usiogope, waliitoa kwenye masharti tangu 2010. Na ukipewa bahasha iliyofungwa usiifungue, hata shemeji akibembeleza aone majibu.