"Mbona Umeniacha?"

SWALI: Ni mwezi wa saba sasa ninamuuguza mama yangu, na ninaposali ni kama ninasema na ukuta. Juzi nilitamka kwamba Mungu ametutupa, na ndugu mmoja wa kanisani akaniambia nimekufuru. Lakini Yesu mwenyewe alisema ameachwa. Je, Baba alimwacha kweli, au alikuwa anakariri Zaburi tu?
Msomaji anayeuguza

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Hukukufuru.

Marko anasimulia kwamba giza lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa (saa za Biblia huhesabiwa kama zetu, kwa hiyo ilikuwa mchana), ndipo Yesu akalia kwa sauti kuu, "Eloi, Eloi, lama sabakthani?", yaani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Hayo ni maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, ila aliyatamka kwa Kiaramu, ilhali Zaburi yenyewe iliandikwa kwa Kiebrania. Wapo wanaosema alikuwa akifundisha tu, akiwakumbusha waliosimama pale kwamba Zaburi hiyo huishia kwa sifa. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa kuwa mtu anayekata roho msalabani hatoi somo, na hao waliosimama pale hawakuelewa lolote: walidhani anamwita Eliya, mmoja wao akakimbilia sifongo na siki.

Kwa upande mwingine, nisingethubutu kusema kwamba Baba na Mwana walitengana, maana Mungu ni mmoja na hagawanyiki. Kanisa limeyaeleza maneno haya kwa namna mbalimbali. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliisikia humo sauti yetu sisi, viungo vya mwili wa Kristo; Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, alifundisha kwamba Kristo alionja rohoni mwake uchungu wa mtu aliyeachwa na Mungu. Wote wawili wanakubali kwamba kilio kilikuwa cha kweli. Kilichokosekana ni faraja na wokovu wa saa ile. Upendo wa Baba haukukoma.

Tena litazame neno "mbona". Mtu hamwambii mpita njia "mbona hukuja"; humwambia yule aliyemtarajia, yule mwenye wajibu wa kujibu. Kule Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu aliomba akisema "Aba, Baba". Hapa neno Baba halisikiki tena, lakini "wangu" limebaki, tena mara mbili. Anayelalamika hivyo bado anasali, na Waraka kwa Waebrania, unaotaja kilio chake kikali na machozi yake, unasema alisikilizwa, ingawa kikombe cha mateso hakikuondolewa.

Kwa hiyo, ukikaa kando ya kitanda cha mama usiku, isome Zaburi ya 22 polepole. Sauti ikikukatikia kwenye aya ya 2, pale mwenye Zaburi analia mchana asijibiwe, ishia hapo hapo bila kuona haya. Aya ya 24, isemayo kwamba Mungu hakumficha mteswa uso wake, utaisoma siku nyingine.