Kabla hujapanda Upare na daftari lako

Wadogo zangu mnaoanza kazi kituoni mwaka huu, karibuni. Nimekaa miaka 14 katika kituo cha chuo kikuu kinachochunguza jamii za milimani, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia Upare, wilaya za Same na Mwanga. Nawaandikia yale ambayo ningependa kuambiwa nilipoanza.

Barua kwanza. Ukitoka chuoni unapita mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala nyingi, kila ofisi itabaki na yake. Usimruke mwenyekiti wa kitongoji hata kama muhuri wa kijiji umeshagongwa, maana yeye ndiye atakayeulizwa jioni, "Yule mgeni ni wa nani?" Haya mtayazoea ndani ya wiki moja.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye maswali yako. Mimi nilipanda na dodoso la kurasa 12 kuhusu ndiva. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa dogo la kumwagilia. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, asubuhi tundu linazibuliwa, yanateremka kwa mfereji hadi mashambani. Swali langu la nne lilikuwa: "Nani anamiliki ndiva hii?" Nyumba baada ya nyumba nikajibiwa neno moja tu, kijiji. Nikaandika kwamba ni mali ya umma, nikaridhika.

Wiki ya tatu tukatangaziwa msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzoa tope la ndiva. Nikaomba jembe. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye tope hadi magotini, na mzee aliyesimama juu ya tuta alikuwa akiita watu kwa koo zao, kila ukoo na kipande chake. Nikamuuliza mama aliyekuwa kando yangu kwa nini ukoo fulani umepewa pale pale kwenye tundu la maji. Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, ndiva si ina jina lao? Babu zao ndio waliochimba." Wale walionijibu "kijiji" hawakunidanganya. Ndivyo anavyojibiwa mgeni mwenye barua ya serikali. Ila dodoso lingenitosha, ningerudi chuoni bila kuelewa kwa nini zamu za maji zinaanzia kwa watu wale na si wengine. Tangu siku hiyo sianzi na karatasi. Naomba jembe kwanza, nakula makande na wenzangu kivulini, maswali baadaye.

Jambo jingine ni kuhesabu mali za watu. Kijana anayetoka mjini huuliza ekari ngapi na ng'ombe wangapi kabla hajamaliza kusalimia, kisha anashangaa watu wakinyamaza. Upare ilipata kupita kwenye mbiru, kodi ya wakati wa Mwingereza iliyokadiriwa kwa kuangalia mali ya mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same kuipinga, wakapiga kambi pale. Mzee mmoja alinisimulia habari hizo nusu saa nzima badala ya kunitajia ukubwa wa shamba lake. Nililipata jibu langu humo humo, na nilikuwa nimestahili kulisubiri.

Lugha nayo. Kiswahili kitakufikisha mlangoni, kwa kuwa kila mtu anakisema, na ndiyo maana wengi wetu tunabweteka. Ukikaa na wazee, angalia wanapohama. Jambo likiwa zito, la mpaka wa shamba, la tambiko au la mpungi, msitu mtakatifu usiokatwa mti, wanaingia Chasu, lugha ya Wapare, bila kukuaga. Jifunze Chasu, hata cha kubabaisha. Na usiandike "Kipare" kila mahali ukadhani umemaliza. Kaskazini, upande wa Ugweno, kuna Kigweno, lugha iliyo jirani zaidi na Kichaga na ambayo wasemaji wake wanapungua. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliijenga historia ya watu wake kwa kuketi na wazee na kusikiliza masimulizi ya koo zao. Nasi tuna hakika gani kwamba tutaielewa milima hii kwa safari ya siku nne?

Muwe waangalifu na sentensi mnazoandika, kwa sababu zinaishi muda mrefu. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, walifikishiwa kesi yao ya kuondolewa msituni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Moja ya mambo yaliyobishaniwa ni kama wao ni jamii asilia. Mahakama ilikubali tarehe 26 Mei 2017 kwamba ndivyo walivyo, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000. Fikiria ripoti yako ya haraka haraka, yenye neno "wavamizi" ulilolisikia kwa ofisa mmoja, ikisomwa katika shauri kama hilo.

Kwa hiyo rasimu irudishwe kijijini kabla haijachapwa. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo tulitandika ramani ya mifereji kwenye meza ya ofisi ya kijiji. Wazee waliipitia, wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja akasogea, akaweka kidole kwenye ndiva, akakifuatisha mstari wa buluu taratibu hadi ulipokoma. Akasema, "Hapa mmenikatia maji. Shamba langu liko mbele." Tulikuwa tumeuacha mfereji mzima, na mashamba sita yaliyokuwa yakiutegemea, mengi yakilimwa na wanawake. Tukatoka naye, tukautembea mfereji ule hadi mwisho wake. Mkienda na ramani, chukueni penseli na kifutio, acheni kalamu ya wino kituoni.