Uuze mikate mingapi ndipo gharama zirudi?

Uliyeuliza uuze mikate mingapi kwa mwezi usile hasara: anza na kinachobaki kwenye mkate mmoja. Ukiuza mmoja kwa shilingi 1,500, na unga, hamira, mafuta, umeme wa tanuri na mfuko vikala 1,100, inabaki 400. Gharama zisizobadilika (pango, mishahara, na wako uuweke, wengi huusahau) zikiwa 1,200,000 kwa mwezi, gawanya kwa 400: mikate 3,000.

Kwenye bei ndipo watu huumia. Ukipunguza shilingi 100 tu, inabaki 300, unahitaji mikate 4,000. Na ile mikate inayorudishwa na maduka bila kuuzwa? Ikirudi 5 kwa kila 100 kwa bei ya 1,500, unalipwa 95 lakini umegharamia 100, hivyo kila mkate uliouoka unabakiza 325, kwa hiyo oka kama 3,700.