Wasomaji Wanauliza: Safari za Siku Moja Kisiwani Malta

Swali: Mimi na mume wangu tutakuwa Malta siku nne mwezi wa tano. Kampuni moja inatuuzia "Malta nzima kwa siku moja", yaani Valletta, Mdina, Rabat, Mosta, Blue Grotto, Marsaxlokk na kijiji cha mafundi cha Ta' Qali. Tuichukue, halafu siku zilizobaki tupumzike ufukweni?
Msomaji wa Mbezi, Dar es Salaam

Jibu: Msiichukue, dada. Kisiwa ni kidogo, urefu kilomita 27 na upana kama 14, ndiyo maana mpango huo unaonekana rahisi. Lakini kinachomaliza siku si umbali, ni mambo ya pembeni. Pigeni hesabu ya saa nane: basi linazunguka hoteli kuokota wageni dakika 60, kuwarudisha jioni 45, chakula cha mchana saa moja na nusu, duka la fedha na vioo Ta' Qali dakika 40, barabarani kama 75. Zinabaki dakika 170 kwa sehemu sita, kama dakika 28 kila mahali. Ukitoa foleni ya choo na ya kuhesabiwa kwenye basi, mmeona kuta tu.

Kabla ya kulipia ziara yoyote, ulizeni swali moja: tutasimama dakika ngapi kila mahali? Kampuni nzuri inajibu papo hapo. Ulizeni pia kama kiingilio kimo ndani ya bei, na kama mwongozaji ana kitambulisho cha leseni ya mamlaka ya utalii ya Malta, ambacho hukivaa akiwa kazini. Dereva anayesoma maelezo kwenye kipaza sauti si mwongozaji.

Siku zenu nne zigawanyeni hivi: Valletta, mji mkuu, kwa miguu, upande wa kusini, kisiwa jirani cha Gozo, kisha Mdina, mji wa kale wenye kuta, na Rabat ulio jirani yake. Valletta msiiweke Jumapili, kwa sababu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohana halipokei watalii siku hiyo. Jumapili inafaa zaidi kwa soko la samaki la Marsaxlokk.

Kanisa hilo, lililojengwa kati ya 1572 na 1577, lipeni saa moja na nusu kamili. Sakafu yake yote ni makaburi ya mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, watawa wapiganaji waliowahi kutawala Malta, karibu mawe 400 ya marumaru ya rangi, yenye mafuvu na ngao. Ndiyo maana viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi: vinatoboa marumaru. Mabega na magoti yafunikwe. Ndani ya chumba cha ibada cha pembeni iko picha ya Caravaggio ya 1608, kukatwa kichwa kwa Yohana Mbatizaji. Wengi huitazama kwa mbali, wakapiga hatua wakaondoka. Sogeeni, mtazame damu inayotoka shingoni, chini kabisa: mchoraji ameandika jina lake ndani ya damu hiyo hiyo. Hakuna picha nyingine aliyoitia sahihi.

Saa sita kamili mchana muwe bustani ya Upper Barrakka, mzinga unapigwa chini yenu. Mkichelewa, unapigwa tena saa kumi jioni.

Siku ya kusini iacheni iweze kuhamishwa. Boti za Blue Grotto ni ndogo na haziendi bahari ikichafuka, hata kama jua linawaka. Nendeni asubuhi, jua likiwa linaingia pangoni, maana ndipo maji yanapong'aa bluu. Baada ya hapo pandeni Ħaġar Qim na Mnajdra, mahekalu ya mawe ya zaidi ya miaka 5,000. Toka moja hadi jingine ni kama nusu kilomita, kushuka. Kurudi ni kupanda, na njiani hakuna kivuli.

Swali: Nataka kuwaonyesha wanangu, wa miaka 5 na 9, lile kaburi la chini ya ardhi. Mtandaoni kila siku ninayojaribu naambiwa limejaa. Kuna njia nyingine?
Mama wa Nyali, Mombasa

Jibu: Unazungumzia Hypogeum ya Ħal Saflieni, mjini Paola. Kwanza pole: mtoto wa chini ya miaka 6 haruhusiwi kuingia, hata akibebwa. Huyo wa 9 anaweza.

Kujaa si ujanja wa wauzaji. Wanaingia watu 10 kwa saa, 80 kwa siku, basi. Ndani kuna michoro ya udongo mwekundu, na pumzi zetu pamoja na unyevu wake huiharibu. Katikati ya mwaka tiketi huisha wiki nyingi kabla, hivyo nunua hiyo kwanza, kabla hata ya kupanga siku nyingine. Ukikosa, tiketi chache huuzwa siku moja kabla kwenye ngome ya Fort St Elmo, Valletta, kwa bei ya juu zaidi. Anayewahi ndiye anayepata, kwa hiyo fika kabla hawajafungua. Simu na mkoba vinabaki nje, na kupiga picha ni marufuku.

Mdogo, au wote wawili kama tiketi haikupatikana, wapeleke Ħaġar Qim. Pale jengo la wageni limepangwa vizuri kwa watoto.

Swali: Ziara ya boti ya Gozo na Comino kwa siku moja inafaa? Na je, ni kweli Kimalta ni Kiarabu?
Msomaji wa Muscat, Oman

Jibu: Kwa anayetaka kuogelea, inafaa. Kwa anayetaka kuiona Gozo, hapana, maana boti hizo mara nyingi hukupa saa mbili tu kisiwani, zinazotosha ngome ya Victoria na ice cream. Chukua feri kubwa ya magari kutoka Ċirkewwa. Inavuka kwa dakika 25, na nauli inalipwa wakati wa kurudi tu. Ipo pia feri ya mwendo kasi kutoka Valletta, dakika 45, ila hiyo ndiyo ya kwanza kusimamishwa mawimbi yakipanda. Anza na mahekalu ya Ġgantija kabla ya joto, kisha Cittadella (ndiyo ile ngome ya Victoria), chakula, Dwejra, na mwisho mashamba ya chumvi ya Xwejni jua likiinama. Tao la mwamba la Dwejra usilitafute: liliporomoka baharini tarehe 8 Machi 2017, ingawa bado wapo wanaoliweka kwenye matangazo. Jumapili jioni magari hupanga foleni ndefu kurudi. Anayetembea kwa miguu anaingia bila kungoja.

Comino, kisiwa kidogo kati ya Malta na Gozo, kipewe siku yake. Tangu 2025, kushuka Blue Lagoon, pale pa kuogelea Comino, kunahitaji kujiandikisha mapema mtandaoni, bila malipo. Beba mwavuli, kivuli hakuna.

Kuhusu lugha: Kimalta kilitokana na Kiarabu kilicholetwa baada ya Waarabu kukiteka kisiwa mwaka 870, kikaongezewa maneno mengi ya Kisisilia na Kiitaliano. Hesabu utaitambua: sitta, sebgħa, disgħa, hadi elf. Majina ya mahali yatakusaidia safarini. Ras ni rasi, baħar ni bahari, bir ni kisima, wied ni bonde, marsa ni bandari. X inasomwa "sh", na xlokk ni upepo wa kusini-mashariki. Basi upepo huo ukivuma, usitegemee bahari tulivu Marsaxlokk.

Swali: Mama yangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Anatamani kuona alikovunjikiwa meli Mtume Paulo.
Msomaji wa Moshi

Jibu: Kwenye Biblia yetu kisiwa hiki ndicho Melita, Matendo 28. Mpeleke Mdina na Rabat kwa gari la binafsi lenye mwongozaji, nusu siku. Mdina ndani ni tambarare na magari ni machache, lakini mawe yamelainika kwa kukanyagwa, hivyo avae soli za mpira. Akitaka gari la farasi, kubalianeni bei kabla hajapanda. Pango linalosemekana alikaa Paulo liko chini ya kanisa Rabat, kwa ngazi. Makatakombu ya Mtakatifu Paulo muyaruke: ngazi zake ni nyembamba na zenye kuinama, nayo ni makaburi yaliyochukua jina lake tu.

Swali: Nina kibali cha kuishi Uingereza na pasipoti ya Kenya. Nahitaji viza? Na chakula cha halali kinapatikana?
Msomaji wa Leicester

Jibu: Ndiyo, viza ya Schengen, kibali cha Uingereza hakitoshi. Plagi ni zile zile za pini tatu, na magari yanapita kushoto.

Msikiti uko Paola, mji ule ule wa Hypogeum, kwa hiyo Ijumaa unaweza kuunganisha. Samaki ndiye salama zaidi. Kuanzia mwisho wa kiangazi tafuta lampuka, ndiye faulusi wetu. Pastizzi, sambusa zao za jibini au njegere, zinaonekana hazina nyama, lakini unga wake wa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kuuma.