Iulize safu nzima: kupima masharti katika R

Kazi yangu ni takwimu za samaki wanaoshushwa ufukweni hapa Malindi: mwezi, chombo, aina, uzito. Vijana wanaokuja kwetu kujifunza R, lugha ya programu ya takwimu, hasa waliozoea lugha nyingine za programu, huanza na kitanzi: soma mstari wa kwanza, pima kwa `if`, nenda wa pili. Wadogo zangu, acheni kitanzi. R imeundwa kuulizwa safu nzima kwa mara moja.

Tuseme nataka vuo la msimu wa kaskazi lililozidi kilo 20:

`kaskazi <- mwezi %in% c(12, 1, 2, 3)`
`zito <- uzito > 20`
`teule <- kaskazi & zito`

Kila jina la kushoto hapo ni vekta, yaani safu, ya TRUE (kweli) na FALSE (si kweli), yenye jibu moja kwa kila mstari wa data. Kwa kuwa TRUE huhesabiwa 1 na FALSE 0, `sum(kaskazi)` inakupa idadi na `mean(kaskazi)` inakupa sehemu ya yote. Kasi ipo, lakini mimi napenda zaidi kwamba sharti linasomeka. Nahodha mmoja mzee aliketi kando yangu, akaniuliza Desemba nimeitoa wapi. “Mwanangu, kaskazi haifuati kalenda.” Tukajadiliana, nikarekebisha mstari mmoja, basi. Ndani ya kitanzi asingeiona miezi ile.

Angalieni alama. `&` moja hulinganisha safu mbili mstari kwa mstari; `&&` hutaka jibu moja tu, na mahali pake ni ndani ya `if`. Zamani `if` ikipewa vekta ilitumia jibu la kwanza na kutoa onyo tu. Tangu toleo 4.2.0 la mwaka 2022 inasimama na kutoa kosa, na `&&` ikafuata katika 4.3.0, mwaka 2023. Nimefurahi mno: heri programu isimame kuliko itoe takwimu potofu kimyakimya. Ukihitaji `if`, ipe `any()` (je, kuna TRUE hata moja?) au `all()` (je, zote ni TRUE?).

Penye kazi hasa ni NA, alama ya R ya thamani isiyojulikana. Mizani ikiharibika, uzito hauandikwi, na `NA > 20` ni NA. Lakini `FALSE & NA` ni FALSE, na ni haki: samaki wa kusi hawezi kuwa wa kaskazi, uzito wake uwe wowote. `TRUE & NA` hubaki NA. Ukichuja kwa `data[teule, ]`, kila NA itakuletea mstari mtupu; tumia `data[which(teule), ]`, inayoziacha NA, na katika hesabu kama `sum()` ongeza `na.rm = TRUE` ili ziachwe pia.

`ifelse()` ni nzuri kwa kugawa makundi, ila usiipe tarehe: itakurudishia namba za siku tangu Januari 1, 1970.

Kabla ya kuripoti chochote, andika `table(teule, useNA = "ifany")`. NA zikiwa nyingi, rudi kwa anayepima samaki umuulize kabla ya kugusa kompyuta tena.