Barua kwa mwanangu: mstari wa udongo nyuma ya kitanda

Katuba, Lubumbashi, mwezi wa 11

Mwanangu,

Ujumbe wako umenifikia, na picha zote mbili nimezitazama kwa makini. Unauliza mambo mawili. La kwanza, huo mstari wa udongo nyuma ya kitanda cha watoto, mwembamba kama kalamu, unaopanda ukuta kutoka sakafuni: ni mchwa au ni uchafu tu? La pili, mabawa mliyoyakuta dirishani asubuhi baada ya mvua ya kwanza: je, yanaonyesha kwamba nyumba imekwisha kuingiliwa? Kisha umeniambia mume wako amenunua dawa ya kopo na anataka kupuliza leo jioni.

Nianze na hiyo dawa. Mwambie baba watoto aiweke kwanza. Dawa ya kopo itaua mchwa waliomo ndani ya mstari, labda makumi kadhaa, na walioko chini ya ardhi haitawagusa. Wataiacha njia hiyo na kufungua nyingine, pengine katikati ya ukuta ambako hamtaiona tena. Huo mstari ndio unaowaonyesha wanakotoka na wanakokwenda, na mkiufuta leo mtabaki kubahatisha. Usipige fagio wala kitambaa.

Sasa uuchunguze. Chukua bisibisi bapa, tochi, chaki na penseli. Sogeza kitanda. Katikati ya mstari bomoa kipande cha sentimita 2 au 3 tu, ncha zote mbili uziache nzima. Ukiona mwanya ndani yake kama mrija, huo ni mfereji wa mchwa: mwili wao ni laini na hukauka upesi, ndiyo maana hawatembei wazi bali hujiezekea kwa udongo, mate na mavi yao. Wakitoka wadudu weupe walaini, hao ni wafanyakazi. Wenye vichwa vikubwa vya kahawia na taya ni askari, na wale wa jamii kubwa ya huku kwetu huuma hadi damu itoke, kwa hiyo usiwashike kwa mkono mtupu. Tia 10 au 15 kwenye kichupa chenye alkoholi ya duka la dawa, pamoja na askari 2 au 3, maana fundi anayejua kazi hutambua jamii ya mchwa kwa kichwa cha askari.

Kama hakutoka mdudu, usiseme wamehama. Andika tarehe kwa penseli ukutani kando ya pengo na urudi kesho asubuhi, kisha siku ya tatu. Pengo likizibwa kwa udongo mbichi wenye rangi ya giza, wapo kazini. Lisipozibwa, tazama mita 1 kila upande, kwa kuwa mara nyingi huacha njia iliyoguswa na kujenga nyingine jirani. Udongo wenyewe una habari: ulio mpya una unyevu kidogo na hushikana ukiubonyeza, wa zamani ni mkavu na humwagika kama vumbi. Na rangi yake ni ya ardhi ya chini, ule wekundu wetu, wala si rangi ya plasta.

Kuna vitu vinavyowadanganya watu. Nyigu wa udongo hujenga bonge lenye vyumba vidogo pembeni mwa dirisha, lakini bonge hilo halina njia inayoliunganisha na ardhi. Siafu na sisimizi huenda kwa msururu, ila kwa kawaida hawajiezeki ukutani. Plasta inayovimba nayo huwatia watu hofu: itoboe kwa pini. Ukitoka unga mweupe, hiyo ni chumvi ya ukuta uliolowa, tafuta maji yanakotoka. Zikianguka punje za udongo mwekundu, ni mchwa walio chini ya rangi. Ili kuona uvimbe wa namna hiyo mapema, zima taa usiku, bandika tochi ubavuni mwa ukuta na umulike sambamba nao. Kila mstari na kila uvimbe utatupa kivuli, hata ule usioonekana mchana.

Kuhusu mabawa, hapo nataka utulie. Hao ni kumbikumbi, inswa tunaowaokota kila mwaka mvua zinapoanza na kuwakaanga na chumvi. Huruka jioni baada ya mvua na kufuata taa, na wanaweza kuwa wametoka kichuguu cha mbali. Katika picha yako dirisha liko wazi, na taa ya nje iko juu yake. Mabawa ya namna hiyo hayasemi chochote juu ya nyumba yako. Wakishayaangusha, dume na jike huhitaji udongo wenye unyevu ili waanze kundi. Wanaoangukia sakafu ya saruji hufa karibu wote. Na hata jozi ikifanikiwa nje uani, itachukua miaka kabla kundi lake halijaweza kula mlango.

Ila mabawa huwa na maana mahali pengine: katika chumba kisicho na taa, dirisha likiwa limefungwa, chini ya ufa wa sakafu, nyuma ya kabati. Hapo kumbikumbi wametokea ndani ya nyumba, na kundi lililo chini ni la miaka. Hakikisha tu kwamba si sisimizi wenye mabawa. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kipana na vipapasio vilivyonyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi ana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma, kiuno chembamba sana, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Watu wengi huogopa mabawa na kuupuuza mstari wa udongo, na hilo hunisikitisha, kwa kuwa mstari ndio unaobomoa nyumba.

Nenda sasa mbali na chumba hicho, uitazame nyumba yote. Itakuchukua kama saa moja na nusu. Hapa Lubumbashi tuna jambo letu ambalo mafundi hawalisemi wanapouza nyumba: matofali yetu hufinyangwa kwa udongo wa kichuguu, ambao ni mzuri kwa kazi hiyo. Tofali likichomwa vizuri halina shida. Shida ni kwamba nyumba nyingi zimejengwa kwa tope badala ya saruji kati ya tofali na tofali. Mchwa hupanda ndani ya tope hilo kutoka msingini hadi kwenye mapaa bila kutoa mfereji hata mmoja nje. Unaona ukuta safi chini, kumbe juu boriti imebaki ganda. Kwa hiyo nyumba ya tope huanza kukaguliwa juu. Pandeni ngazi, fungueni kitundu cha plafo, yaani dari, mulikeni mahali boriti zinapolala juu ya ukuta. Udongo wowote pale, hata kijiko kimoja, haukupelekwa na upepo.

Kisha uulize kiwanja kilikuwaje kabla ya ujenzi. Vichuguu vya nchi yetu ni vikubwa kupita kiasi: vinafika mita kadhaa kwenda juu, na vipimo vya kaboni katika misitu ya miombo ya Katanga vimeonyesha kwamba baadhi vina zaidi ya miaka 2,000. Mtu hukisawazisha kwa jembe, anajenga juu yake, na kudhani kazi imekwisha. Lakini malkia akiwa chini zaidi ya pale jembe lilipofika, kundi linaendelea. Tembea uani baada ya mvua: mahali penye udongo wa mfinyanzi unaonata kuliko kwingine, palipoinuka kidogo, au panapotokea vilima vidogo vya udongo mbichi usiku mmoja, pigia alama ya kijiti.

Ndani, usitazame kila mahali kwa uzito sawa. Mchwa hufuata maji na giza. Pembe ya bafu, ukuta ulio nyuma ya bomba, mahali sakafu inapokutana na ukuta, tundu la bomba au waya linapopenya zege: ufa wa milimita 1 au 2 unawatosha. Miimo ya milango iliyozamishwa sakafuni ndiyo wanayoanza nayo mara nyingi. Igonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini, kila sentimita 10, usikilize. Mti mzima hutoa sauti ya kukaza. Ulioliwa husikika kama debe tupu. Pakisikika hivyo, bonyeza ncha ya bisibisi bila nguvu. Ikizama, wameshakula ndani na kuacha ngozi ya nje pamoja na rangi. Na ukigonga ukasikia ndani mlio mwepesi wa tik-tik-tik, hao ni askari wanaogonga vichwa kuwaonya wenzao. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, au bawaba ambayo parafujo zake hazishiki tena, nao upime hivyo hivyo.

Makaratasi yenu msiyasahau. Vyeti vya shule na hati ya kiwanja vilivyowekwa ndani ya katoni sakafuni huliwa kutoka chini, na juu katoni hubaki nzima. Inua kila katoni, kila gunia la bunga (unga) na la makala (makaa), utazame upande wa chini.

Ukikuta vumbi kwenye samani badala ya udongo, hesabu hubadilika. Unga laini kama wa mahindi chini ya tundu la duara la milimita 1 au 2 ni kazi ya dumuzi, yule mbawakawa mdogo anayetoboa mbao, si mchwa. Vipunje vigumu vya milimita 1 hivi, vyenye pande sita ukivitazama kwa lenzi, ni mavi ya mchwa wa mbao kavu, ambao hawana haja ya ardhi wala mfereji na husafiri ndani ya samani za mtumba. Samani hiyo itengwe siku hiyo hiyo, itolewe nje.

Utaambiwa kwamba nguzo za mubanga haziliwi. Ni kweli kwa kiini chake, ule moyo wa mti wenye rangi ya giza. Tabaka jeupe la nje huliwa kama mti wowote, na mapau ya mikaratusi michanga karibu yote ni tabaka hilo.

Kuanzia wiki hii, weka mitego ya kuwapeleleza. Kata vijiti vya msonobari usiopakwa kitu, urefu sentimita 30, unene wa vidole viwili, uvizamishe sentimita 20 ardhini, nusu mita kutoka ukutani, kila baada ya mita 3. Nyumba yenu ya mita 9 kwa 7 ina mzunguko wa mita 32, kwa hiyo vijiti 11 vinatosha. Vivute kila baada ya wiki mbili. Kilicholiwa kinakuonyesha upande wanaotokea. Kazi hii ifanyike mvua zinapoanza, na tena mwezi wa 5 hadi wa 9, kwa sababu kiangazi kikikausha ardhi, bomba linalovuja ndilo linalowaita.

Wakati huo huo ondoeni kuni zilizoegemea ukuta, ng'oeni maua yaliyopandwa kando ya msingi, na udongo wa nje ushushwe hadi sentimita 15 za msingi zionekane wazi pande zote. Hapo mfereji wowote utalazimika kupita mbele ya macho yako. Fukueni pia mbao za kumwagia zege zilizoachwa ardhini na mafundi, na visiki.

Msipake mafuta machafu ya injini wala petroli. Yananuka, yanashika moto, yanaharibu maji ya kisima, na mchwa hurudi. Msinunue dawa isiyo na lebo sokoni, hasa ile ya kizamani inayosifiwa kuwa kali: dieldrin na klordani ziliwekewa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa kuwa hukaa ardhini na katika mwili wa mtu miaka mingi, na nyumbani kwenu kuna mtoto anayetambaa.

Siku ya tatu ikionyesha kwamba wapo, aitwe fundi wa dawa ya ardhini. Mpime kwa kiasi cha dawa anachomwaga. Dawa ya maji ya kuzunguka msingi humwagwa ndani ya mtaro, na kipimo cha kawaida ni lita 5 hivi za mchanganyiko kwa kila mita 1 ya urefu kwa kila sentimita 30 za kina. Kwa mita 32, kwa kina hicho, ni lita 160. Akija na bomba moja la mgongoni la lita 16 na kusema amemaliza, amewapulizia harufu. Mwambie mapema kwamba kuna kisima uani, na asome mbele yenu umbali ambao lebo inadai.

Kitanda cha watoto kisirudi ukutani hadi hapo. Leo ni Jumatatu, bomoa hicho kipande jioni. Nitumie picha ya pengo kesho na Alhamisi asubuhi, pamoja na njiti ya kiberiti iliyolazwa kando yake ili nione ukubwa.

Nisalimie baba watoto na wajukuu.

Mama yako