Jibu: Seli ya jua ya choya ina volti, mkondo hafifu

Mdogo wangu, umeniandikia kuhusu seli yako ya jua, ile inayozalisha umeme kwa rangi ya choya iliyoshikana na utando wa titani dioksidi (unga mweupe) juu ya kioo. Volti 0.4 kwa maji ya choya ni mwanzo mzuri. Unasema mkondo ni hafifu mno na rangi inapauka baada ya siku chache juani. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Tuanze na mkondo. Elektroni huhama vizuri kutoka kwenye rangi pale molekuli inaposhikana barabara na titani dioksidi. Antosiani, yaani rangi nyekundu ya choya, hushika kwa haidroksili (kikundi cha oksijeni na hidrojeni), na mshiko huo ni dhaifu. Ndiyo maana rangi za kikaboni zinazoundwa maabara huwekewa kikundi cha kaboksili (kaboni, oksijeni mbili na hidrojeni), kinachoshika imara zaidi. Kwa hiyo choma utando wa titani dioksidi kwa nyuzi 450 za Selsiasi kwa nusu saa, uuache upoe hadi nyuzi 80 hivi, kisha uuzamishe kwenye maji ya choya ungali na joto, kabla haujanyonya unyevu wa hewa. Uache gizani usiku kucha. Rangi iwe na uchachu kidogo, maana antosiani huharibika uchachu ukiisha.

Kupauka kunaletwa zaidi na mionzi ya urujuanimno: titani dioksidi ikiipokea, huivunja rangi. Weka kichujio cha mionzi hiyo juu ya kioo, na uzibe kingo vizuri.

Usijipime kwa ufanisi wa asilimia 7 ambao wanasayansi O'Regan na Grätzel waliupata kwa seli ya aina hii mwaka 1991. Wao walitumia rangi yenye metali ya rutheni. Choya mara nyingi haifiki asilimia 1, na kwa mradi wa shahada ya kwanza hiyo inatosha kabisa ukipima kwa uangalifu.

Tafadhali, elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya seli) yenye kiyeyushi cha asetonitrili usiichanganyie bwenini. Ina sumu na hushika moto upesi. Mwombe fundi sanifu wa maabara akusimamie.